Msomaji Anauliza: Kwenda masaa saba, kurudi ishirini na mbili?

Safari hii maswali karibu yote mliyotuma ni ya ndege, sijui ni sababu Disemba imekaribia ama ni vipi. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu manake lilinikosesha usingizi, hayo mengine tutapita haraka haraka.

SWALI: Salaam kijana wetu. Mimi ni mama mtu mzima, niko Kisauni, Mombasa. Binti yangu anaishi New Jersey na Inshallah mwezi wa kumi na mbili anajifungua, kwahiyo wamenikatia tiketi niende nikamlee. Ndege ni moja kwa moja, Nairobi mpaka New York. Sasa hiyo tiketi nimeisoma mpaka macho yameniuma. Kwenda imeandikwa inaondoka 23:25 inafika 06:25. Kurudi inaondoka 12:25 inafika 10:55 kesho yake. Nikihesabu kwa vidole napata kwenda masaa saba, kurudi masaa ishirini na mbili na nusu! Kwani ndege ni mbili, moja ya mbio na moja ya kubeba mizigo? Alafu mjukuu wangu akaangalia kwa simu, mara anasema ni maili 6,390, mara maili 7,350, mara kilomita 11,840. Ukweli ni upi? Na magoti yangu haya yatakunjwa masaa mangapi?

JIBU: Shikamoo mama. Mungu amjaalie binti ajifungue salama. Nikupe jibu lenyewe kwanza usije ukachoka kunisoma: kwenda ni masaa 15, kurudi ni masaa 14 na nusu, na ndege ni ile ile moja.

Vidole vyako havijakosea hesabu, ila tiketi inakuonyesha saa za miji miwili tofauti bila kukwambia. 23:25 ni saa ya Nairobi, yaani saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Ile 06:25 ni saa ya New York, ni asubuhi ya kwao si ya kwetu. Mwezi wa kumi na mbili New York iko nyuma yetu kwa masaa manane, kwahiyo wakati wewe unafunga mkanda Nairobi saa tano usiku, binti yako kule bado ni alasiri, saa tisa na dakika ishirini na tano. Sasa hesabu kutoka hiyo tisa na dakika ishirini na tano ya alasiri mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano ya asubuhi. Umeona? Masaa kumi na tano kamili. Kurudi ni kinyume chake: ndege inapoondoka saa sita na dakika ishirini na tano mchana yao, huku Mombasa watu washaswali Isha, ni saa mbili na dakika ishirini na tano usiku, na unatua Nairobi saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Masaa kumi na nne na nusu.

Kuna ujanja mmoja naupenda sana na hautaki hata kujua kule wako nyuma masaa mangapi. Chukua yale masaa yako saba ya kwenda, jumlisha na yale ishirini na mbili na nusu ya kurudi, unapata ishirini na tisa na nusu. Haya sasa jumlisha yangu, kumi na tano na kumi na nne na nusu. Ni ishirini na tisa na nusu vilevile! Yale masaa uliyoibiwa kwenda umerudishiwa kurudi. Kwahiyo tiketi yoyote ya kwenda na kurudi ukitaka kujua safari ya kweli ni ndefu kiasi gani, jumlisha zote mbili alafu ugawe mbili. Hapa inakuja kama masaa 14 na dakika 45 kila upande. Ila uwe makini kama katikati ya safari yako Wamarekani wamebadilisha saa, manake wenzetu wale kila mwaka wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu na kuirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Kwahiyo kiangazi chao wako nyuma yetu masaa saba, baridi yao manane. Sisi huku hatuna haja ya hayo mambo, tuko karibu na ikweta, jua linatoka saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili, utasogeza saa upate nini.

Tuje kwa maili. Mjukuu wako yuko sawa mara tatu. Kilomita 11,840 ndio umbali wenyewe kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, maili 7,350 ni huo huo kwa maili za barabarani zile za kilomita moja na nukta sita, na maili 6,390 ni huo huo kwa maili za bahari ambazo moja ni kilomita 1.852. Marubani wanatumia hizo za bahari, wamezirithi kwa manahodha, na wewe ni mtu wa Mombasa hilo halikusumbui.

Sasa hapa ndipo mimi niliponogewa. Hii ndege ni Boeing 787, ile wanaita Dreamliner, na ikishakaa juu inakata kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900 unapata masaa 13 na dakika kama kumi hivi. Mbona basi tiketi inasema kumi na tano? Kidogo ni sababu tiketi inahesabu mlango kwa mlango, tangu ndege inasukumwa kutoka pale ilipopaki mpaka inasimama kabisa upande wa pili, na ndani yake kuna kupanga foleni ya kuruka, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kule New York kuna kutembea chini kama matatu imeingia Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni. Lakini kubwa lao ni upepo.

Mama wewe unajua kaskazi na kusi. Wazee walikuwa wanakuja na majahazi kutoka Muscat na kaskazi, alafu wanakaa huku wanangoja kusi iwarudishe, hakuna mtu mwenye akili zake anapeleka jahazi Arabuni mwezi wa kwanza. Huko juu angani nako kuna upepo wa namna hiyo, mto mzima wa upepo kilomita tisa mpaka kumi na mbili juu, tofauti yake ni kwamba huu haugeuki. Mwaka mzima unatoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao ndio unakuwa mkali, kilomita 200 kwa saa ni kawaida na siku nyingine unapita hapo. Kwahiyo ukienda Marekani unakwenda bisho, ukirudi umepewa tanga. Mwezi wa pili mwaka 2020 kulikuwa na dhoruba Atlantiki ya kaskazini, ndege ya British Airways ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni sita na kitu, ilikuwa inapita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa na wala injini haikukanyagwa zaidi, ilisukumwa tu.

Kwenye tiketi yako tofauti ni nusu saa tu kwa sababu mashirika yanapanga ratiba kwa wastani na kuongeza akiba kidogo, lakini huko juu siku nyingine inazidi. Usishangae ukiambiwa mumefika mapema alafu mukakaa ndani dakika ishirini mnangoja nafasi ya kupaki.

Utakapokaa kwenye kiti kuna skrini mbele yako inaonyesha ndege iko wapi, na najua utaniuliza, kwahiyo nakujibu kabisa. Ukichukua rula ukaiweka kwenye ramani ya ukutani kutoka Nairobi mpaka New York, itapita Kongo, Afrika ya Kati, Nigeria, Mali, Mauritania, alafu baharini. Nimechukua ile dunia ya plastiki ya mwanangu na uzi wa cherehani, nikashika ncha moja Nairobi kwa kidole gumba nikavuta nyingine mpaka New York ikakaza, uzi wenyewe ukateleza ukapanda juu: Uganda, Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger, jangwa la Algeria, Moroko, ukatokea baharini ukapita pale pale kwenye visiwa vya Azores vya Wareno katikati ya Atlantiki. Nikarudia mara tatu, mwanangu ananiangalia tu. Ile ya rula inakuja ndefu zaidi kwa kama kilomita 350, ingawa kwa macho ndio inaonekana imenyooka. Ramani ni dunia iliyobandikwa ukutani kwa nguvu, lazima imevutwa mahali.

Ila usiidai ndege ifuate uzi wangu. Wanakwepa upepo mbaya, wanakwepa mawingu, na wanakwepa vita. Sudan anga ilifungwa mwezi wa nne 2023 mapigano yalipoanza, na ndege nyingi zilizokuwa zinapita pale zikabidi zizunguke. Kwahiyo zile 11,840 ndio chini kabisa, yenyewe huwa inatembea zaidi kidogo.

Hujaniuliza kwanini inaondoka usiku wa manane lakini nitasema tu. Uwanja wa Nairobi uko juu, mita kama 1,620 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Jua likipiga mchana inazidi kuwa nyepesi. Ndege inashikiliwa na hewa na injini inakula hewa, sasa hii yako ina viti 234 na inabeba mafuta tani kama 85 kwa upande mmoja, zaidi ya theluthi ya uzito wote inaoruhusiwa kuruka nao ni mafuta tu. Ukiirusha saa nane mchana itabidi upunguze watu au mizigo. Usiku kumepoa, hewa imeshikana, inapanda na mzigo mwingi zaidi. Kule JFK, uwanja wa New York, ni pwani kabisa, uko mita kama nne tu juu ya bahari, ndio maana kurudi wanaweza kuruka mchana wakiwa wamejaa. Haya mambo ndio yalifanya safari hii ichelewe kuja, pamoja na mambo ya usalama, manake mpaka Februari 2017 ndipo Wamarekani waliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na Kenya Airways ikaanza kuruka moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Kabla ya hapo lazima ungepitia mahali.

Magoti sasa. Masaa kumi na tano ni kama kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa basi na kurudi bila kushuka Mtito Andei. Mwambie binti akuombee kiti cha pembeni mwa njia, sio dirishani, dirishani utaona giza tu safari nzima. Kila baada ya masaa mawili inuka tembea mpaka nyuma kwa wahudumu ukaombe maji urudi, hakuna atakayekukasirikia. Na kama ushawahi kuvimba mguu au damu kuganda, muone daktari wako wiki mbili kabla, hilo usiliache. Marubani wenyewe hawawezi masaa hayo, wanapanda wanne wanapokezana, wawili wanaenda kulala. Wewe nani usilale.

SWALI: Niko kidato cha tatu, Voi. Mwalimu ametufundisha dunia inazunguka. Sasa kwanini watu wasipande helikopta pale Nairobi ikasimama tu juu hewani, wangoje New York ije chini yao washuke? Darasa zima walinicheka lakini hakuna aliyejibu.

JIBU: Waliocheka na wasijibu ndio wa kuchekwa. Hata hesabu yako ingelipa sana, dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa kuelekea mashariki, Nairobi na New York zimepishana nyuzi kama 111, kwahiyo ungengoja masaa saba na nusu tu, nusu ya ile Dreamliner ya mama wa Kisauni! (Ungefika longitudo yake lakini, sio mji wenyewe, bado ungekuwa karibu na ikweta, kule Colombia.)

Shida ni kwamba hewa nayo inazunguka na dunia. Siku ukiwa ndani ya basi linakwenda kasi barabara ya Nairobi, rusha funguo juu. Zinarudi mkononi, hazikupigi abiria wa nyuma usoni, kwa sababu zilikuwa zinakwenda na basi tangu mwanzo. Pale ikweta ardhi inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa, na wewe hapo Voi unakwenda nayo, na helikopta, na mbuzi wa jirani, na hewa yote. Ukiinuka juu huo mwendo unao bado. Ingekuwa hewa imebaki nyuma, tungekuwa na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa asubuhi mpaka jioni na Voi isingekuwepo. Ila wapelekee darasani na hii: ule mto wa upepo niliousema kwa mama hapo juu unatokana kwa sehemu na huo huo mzunguko wa dunia, hewa ya joto inatoka kwetu huku ikweta na mwendo wake mkubwa, ikifika kaskazini ambako ardhi inakwenda polepole, inajikuta inaitangulia ardhi kuelekea mashariki. Kwahiyo mzunguko wa dunia kweli unasaidia ndege, sema si kwa njia yako.

SWALI: Kaka, mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar. Nataka kwenda New York, nimeona tiketi mbili, moja inapitia Dubai na nyingine Amsterdam, bei zimekaribiana. Ipi fupi?

JIBU: Kwa kilomita ni Amsterdam, wala hakuna ubishi. Dar mpaka New York kwa njia ya uzi ni kama kilomita 12,440. Ukipita Amsterdam unatembea kama 13,200, umezidisha 760 tu, yaani iko karibu na njia. Ukipita Dubai unafika kama 15,000, manake Dubai ni mashariki na wewe unaenda magharibi, ni sawa na mtu anatoka Dar kwenda Dodoma anaanzia Zanzibar.

Lakini usikimbilie kilomita. Hizo 1,800 za tofauti ni kama masaa mawili tu hewani, na masaa mawili yanamezwa na transiti moja mbaya. Angalia pale katikati unakaa muda gani. Ukiwa na Dubai ya kungoja masaa matatu na Amsterdam ya kungoja masaa nane, chukua Dubai ulale huko huko juu. Na chini ya saa moja na nusu pia usikubali, hata wakikwambia inatosha, utakimbia na begi lako uwanja mzima na roho mkononi. Fanya ule ujanja wa kujumlisha na kugawa mbili kwa tiketi zote mbili alafu ulinganishe, hapo utajua.

SWALI: Naenda Doha kikazi mara ya kwanza, natokea Kilifi. Tiketi imeandikwa Jumamosi 00:50. Niende eapoti Jumamosi usiku saa ngapi?

JIBU: Dada, Jumamosi usiku usiende kabisa! Nenda IJUMAA usiku, uwe pale kabla ya saa nne.

00:50 ni saa saba kasoro dakika kumi usiku, ule usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa za tiketi zinabadilisha siku saa sita usiku, kwahiyo Jumamosi inakuwa ina dakika hamsini tu wakati ndege inaondoka, wewe kwa akili yako bado ni Ijumaa usiku. Ndege ikiondoka 00:50 kaunta wanafunga saa nzima kabla, kwahiyo kila unachokifanya, kupanga foleni, kupima begi, kulia na ndugu, kinafanyika Ijumaa.

Najua hili kwa aibu. Shangazi yangu alikuwa anakwenda Muscat, tiketi yake ilikuwa hivi hivi, Jumamosi, dakika arobaini baada ya saa sita. Yeye hakusoma shule sana, akasema "ni usiku wa Jumamosi," na kwa wazee wa pwani usiku unatangulia mchana wake, usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa magharibi, alikuwa amepatia kabisa. Mimi niliyesoma nikamsahihisha. Nikamwambia shangazi tulia, Jumamosi usiku nitakuja na gari. Nikaja kweli, Jumamosi, na nissani nzima ya watu kumi na mmoja, na hotpoti ya pilau ya kula njiani. Kijana wa kaunta akaitazama tiketi, akachukua kalamu akazungushia ile tarehe, akanitazama mimi sio shangazi. Ndege ilikuwa imeshaondoka usiku wa jana yake. Shangazi hakuniambia neno. Tukatoka nje, tukala pilau pale pale paki, tumesimama.